Kopo la Vitamini Si Mkungu wa Ndizi

Hoja inayoenea ni kwamba vitamini ni chakula tu, hivyo kinachouzwa Marekani bila cheti cha daktari kipite forodha popote bila maswali. Hoja tamu, mpaka kopo ligeuzwe na kusomwa.

Nguzo yake mbovu zaidi ni hiyo Marekani. Sheria ya huko ya 1994 haimlazimishi mtengenezaji wa virutubisho kupata kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa, kabla ya kuuza. Kidonge kuwapo dukani, basi, kunathibitisha kwamba duka lina rafu. Efedra, kirutubisho cha mmea, ilikaa kwenye rafu hizo hadi ilipopigwa marufuku 2004. Sibutramini, dawa ya kupunguza unene iliyoondolewa sokoni 2010 kwa kuhatarisha moyo, imekutwa mara nyingi imefichwa katika vidonge vinavyojiita vya asili.

Hilo la "chakula tu" nalo halifiki mbali. Kikomo cha vitamini A ya retinoli kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku. Ikizidi kwa mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Karoti hazina kesi hiyo. Vidonge vya madini ya chuma huweza kumuua mtoto mdogo.

Tena nchi hazifanani: melatonini, homoni ya usingizi, Marekani hununuliwa kama peremende, Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari.

Afisa wa forodha haoni ndani ya kidonge. Anaona lebo na idadi. Makopo 2 ni ya msafiri. Makopo 40 ni duka, na duka huhitaji leseni.