Krimu ya estrojeni si ya kuazimana

Mama uliyekoma hedhi, ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa na U.T.I inayorudi kila mara si mambo ya kuvumilia kimya kimya. Homoni ya estrojeni imepungua, ngozi ya uke imekuwa nyembamba, na dawa ipo: krimu au kidonge kidogo cha kuweka ukeni. Ugomvi wangu ni namna tunavyoitumia.

Wapo wanaoiogopa kupita kiasi. Hofu hiyo ilikua baada ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2002. Wanawake wale walikuwa wakimeza vidonge vya homoni, lakini onyo likabandikwa hata kwenye dawa za ukeni, ambazo kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuondoa sehemu kubwa ya maonyo hayo. Kwa hiyo usitupe dawa kwa sababu ya karatasi iliyomo kwenye boksi. Rudi kwa aliyekuandikia, muulize.

Wapo pia wasioogopa kitu. Jirani amepona muwasho, nawe unaomba umalizie tyubu yake. Muwasho wako unaweza kuwa fangasi, na hapo krimu hii si tiba yake.

Kubwa kuliko yote ni damu. Ukimaliza miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu hata tone, nenda hospitali kabla ya kuanza dawa hii, na hata kama ulishaanza kuitumia. Mara nyingi chanzo ni ule wembamba wa ngozi, lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya shingo ya kizazi, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Mwambie daktari kama umewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, ini, au damu kuganda mguuni au kwenye mapafu. Kama unameza dawa za kuzuia saratani ya matiti isirudi, mtaje kila kidonge, maana baadhi hufanya kazi kwa kupunguza estrojeni hiyo hiyo.

Dozi ya kawaida ni kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, ingawa hutofautiana kwa dawa. Nafuu huchukua wiki kadhaa, hivyo usiongeze kipimo kwa haraka zako. Tumia kibomba chake, nawa mikono. Usiipake kama kilainishi kabla ya tendo: mwenzako naye ataifyonza, na baadhi ya krimu hudhoofisha kondomu.

Kwenu wazazi: wakati mwingine daktari humwandikia mtoto wa kike krimu hii, midomo ya uke ikishikana. Hupakwa kidogo mno, kwa muda maalumu. Ukiona matiti yake yanavimba, acha kupaka na umrudishe kwa daktari. Na mabaki yake msiyatumie tena kwa kila wekundu mnaouona kwenye nepi. Bibi anayetumia krimu yake aifungie kabatini, si dirishani karibu na mafuta ya mtoto.

Ukienda kliniki, beba boksi lenyewe. Jina la krimu husahaulika, na tyubu nyingi zinafanana.