Nyumba Moja, Vyungu Sita

Mwezi wa Novemba 2019 Serikali ilipotangaza matokeo ya sensa, Kaunti ya Mombasa ilionekana kuwa na watu 1,208,333. Katika hao, 154,171 ndio waliohesabiwa katika Mvita, yaani kisiwani. Waliobaki, watu 1,054,162, wako ng'ambo ya maji: Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu. Kwa maneno mengine, katika kila watu mia wa Mombasa, themanini na saba si watu wa kisiwani tena. Namba hizo tulizipokea, tukazizungumza barazani na kwenye feri siku mbili tatu, kisha tukazisahau. Walakini maneno yaliyozizaa namba hizo hatukuyatazama hata kidogo, na hayo ndiyo ningependa tuyatazame leo, kwa sababu sensa haihesabu watu mpaka kwanza ipatane juu ya maana ya maneno.

Neno la kwanza ni kaya, na hapa ndipo matata yanapoanza kwa mtu wa pwani. Wenzetu wa Tanzania wamelizoea neno hili katika shughuli za sensa, na sisi tumelipokea kutoka vitabuni na redioni. Lakini mwambie mzee wa Kidigo wa Mtongwe au Shika Adabu kwamba umekuja kuhesabu kaya yake, naye atakutazama mara mbili. Kaya kwake ni msitu wa wazee, mahali pa dua na makaburi, kama Kaya Kinondo kule Kwale. Na misitu hiyo ya Wamijikenda iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Haihesabiwi na karani mwenye kibeti begani.

Basi kaya ya sensa ni nini? Kwa maelezo ya watu wa takwimu wa Kenya, ni mtu au watu wakaao katika uwanja mmoja, ijapokuwa si chini ya paa moja, wanaopika pamoja, na wanaomtambua mtu mmoja kuwa mkuu wao. Masharti ni matatu: uwanja, chungu na mkuu. Damu haimo. Ndoa haimo. Mjomba wako anayelala chumba cha pili lakini anajipikia mwenyewe si wa kaya yako, na mgeni kutoka Kitui anayekula sahani yako kila siku ni wa kaya yako.

Tuchukue nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi Bakarani, Magongo au Timbwani: vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uwani nyuma ambapo mna choo na mahali pa kuogea. Katika chumba cha kwanza amekaa kuli wa bandarini peke yake. Cha pili mna vijana wawili wa matatu waliopanga pamoja na kupika pamoja. Cha tatu mke na mume na mtoto mchanga. Ukizunguka mpaka mwisho utakuta majiko sita uwani, kila jiko na mwenyewe. Hiyo ni nyumba moja yenye kaya sita. Toka hapo uende nyumba ya jirani, umkute bibi mmoja na wanawe, wakwe na wajukuu, watu kumi na wanne, sufuria moja ya wali. Hiyo ni kaya moja. Siku mkwe mmoja atakaponunua jiko lake akaanza kujipikia kwa sababu wamekosana na wifi, kaya zimekuwa mbili, wala hakuna aliyehama.

Ndiyo maana sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kaya ya Mombasa kwa wastani ina watu kama watatu tu, na ya nchi nzima karibu wanne. Msomaji wa mbali atasema watu wa Mombasa hawazai, au jamaa zimevunjika. Hajui kwamba amesoma habari za vyumba vya kupanga na majiko ya mafuta taa.

Tena kuna miezi ambayo chungu chenyewe hakitulii. Sensa ya 2009 ilifanywa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, nazo zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1430. Ni nani kati yetu anayefuturu jikoni kwake peke yake siku hizo? Mwana aliyeoa huenda na mkewe kwa mama yake, futari huliwa pamoja, sahani za viazi vya nazi na mbaazi zikivuka kutoka mlango huu kwenda ule, kisha baada ya tarawehe kila mtu hurudi kwake, na daku anaila kwake. Karani akiuliza, "Mama, jana mlipika pamoja?" jibu la kweli ni ndiyo na la. Aliyeitunga sharti ya chungu kimoja alikuwa na mwezi wa kawaida akilini.

Neno la pili ni usiku. Kenya huwahesabu watu pale walipolala usiku wa sensa, si pale wanapotoka wala walipozikwa wazee wao. Mgeni wa hoteli ya Shanzu huhesabiwa hotelini, mgonjwa aliyelazwa huhesabiwa hospitalini, mfungwa wa Shimo la Tewa huhesabiwa gerezani. Mvuvi aliyekuwa baharini na bawabu aliyekuwa lindoni hawapotei, bali huandikwa nyumbani kwao. Sharti hii ni nzuri, maana bila hiyo mtu angehesabiwa Likoni na tena kwao Kilifi. Lakini hata neno usiku lina kwao. Kwa hesabu yetu, jua likichwa siku mpya imeingia. Usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia Jumapili. Agosti 24 ya 2019 ilikuwa Jumamosi. Karani aliyesoma anauliza, "Nani walilala hapa usiku wa Jumamosi?" na bibi anayeshika hesabu ya kale anamjibu kwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, ambapo shangazi wa Malindi alikuwa bado hajafika. Mtu mmoja amepotea, na hakuna aliyesema uongo. Dawa yake ni neno dogo tu, "kuamkia", na makarani wengine hulisema. Wote wangelazimishwa kulisema.

Sasa tuingie pale palipo pagumu, yaani mkuu wa kaya. Maana yake katika sensa ni yule anayekata shauri za nyumba siku kwa siku, na wenzake wakamtambua. Muislamu mwenye wake wawili, mmoja Kisauni na mmoja Likoni, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake, kwa sensa ana kaya mbili. Lakini yeye ni mwili mmoja, na hawezi kuandikwa mara mbili. Huandikwa pale zamu ilipomkuta usiku ule. Zamu ikiwa ya Likoni, mke wa Likoni ni "mke wa mkuu". Na mke wa Kisauni? Huyo huandikwa mkuu wa kaya mwenyewe.

Nimesikia watu wakiliona jambo hili kuwa ni matusi, ati Serikali imemtaliki mwanamke kwa kalamu. Mimi sioni hivyo. Sensa haiulizi habari za nikahi katika neno mkuu. Hali ya ndoa ina swali lake mbali, na hapo mama huyo ataandikwa mke wa mume mwenye wake zaidi ya mmoja. Mbele ya kadhi mume ndiye anayedaiwa masurufu ya nyumba zote mbili, na sensa haikubadilisha hilo. Kosa ni la wale wanaokuja baadaye, wakazisoma kaya "zinazoongozwa na wanawake" wakadhani zote ni za wajane na walioachwa. Katika hizo mna wake wa watu ambao zamu yao ilikuwa kesho, na mna wake wa mabaharia na wa waliokwenda Ghuba kufanya kazi. Mtu akipanga msaada kwa namba hizo bila kujua haya, atampa asiyehitaji na kumkosa mjane anayeishi kwa kakake, ambaye katika daftari ameandikwa "dada wa mkuu" na basi.

Mwenye nyumba naye ni neno la kutazamwa. Sensa huuliza kama makao ni yako au umepanga. Katika mitaa mingi ya bara ya Mombasa mtu amejenga kwa jasho lake juu ya ardhi ya mtu mwingine, na kila mwezi humlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Akijibu "ni yangu" amesema kweli, na nusu ya kweli imebaki nje. Watu wa shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930, walikaa miaka mingi katika hali ya namna hiyo ya nyumba bila ardhi mpaka hati zilipoanza kutolewa Januari 2016.

Hata majina ya mahali hubadilika chini ya miguu yetu. Kisauni ya 2019 ina watu 291,930, lakini si Kisauni ile ya zamani. Nyali imekatwa kutoka humo, nayo ina watu 216,577. Jomvu kadhalika imetoka Changamwe. Anayelinganisha Kisauni ya leo na ya sensa za nyuma bila kuziunganisha kwanza atadhani watu wamekimbia.

Ama neno lililo zito kuliko yote kwetu ni kabila. Sensa ya 2009 iliandika Waswahili 110,614. Ya 2019 ikaandika 56,074. Je, nusu ya Waswahili walikufa katika miaka kumi? Hatukuzika watu wengi namna hiyo. Tazama orodha yenyewe ya 2019: Wabajuni wana mstari wao, watu 91,422. Lakini wazee wa Mombasa wanapohesabu Thenashara Taifa, Wabajuni wamo katika Tisa Taifa, pamoja na Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka na Wakatwa. Ukiwatia ndani, Waswahili wanakuwa 147,496. Ukiwatoa, ni 56,074. Hakuna aliyezaliwa wala kufa kati ya namba hizo mbili. Kilichobadilika ni mstari. Tena Waarabu wa Kenya waliokuwa 40,760 mwaka 2009 walikuwa 59,021 mwaka 2019, na kila mmoja wetu anaijua nyumba ambayo ndugu wa tumbo moja, mmoja hujiita Mwarabu na mwingine Mswahili.

Mambo haya si mapya. Sheria ya kodi ya 1910 iliwatia watu wa Thenashara Taifa katika fungu la wenyeji, na Waarabu katika fungu la wasio wenyeji, na kwa miaka mingi wazee wetu walipigania kuhamishwa fungu, kwa kuwa pamoja na jina zilikwenda kodi na kura. Wenzetu wa Tanzania wameliacha swali la kabila na la dini tangu baada ya sensa ya 1967, ingawa mwaka 2012 baadhi ya Waislamu kule waligomea sensa wakitaka swali la dini lirudishwe. Sisi tunaendelea kuulizwa yote mawili, na jibu lina bei. Mfumo wa kwanza wa kugawia kaunti fedha, wa 2012, uliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45; ule wa 2020 uliupunguza hadi 18, na hata hapo yalikuwa mamilioni ya shilingi. Mipaka ya majimbo ya ubunge nayo hufuata idadi. Kabila halimo katika hesabu hizo mbili, lakini limo midomoni mwa kila anayegawa kazi na vyeo.

Yako maneno mengine ambayo nafasi haitoshi kuyapekua. Kazi, kwa sensa, ni ile uliyofanya katika siku saba zilizotangulia, na mama anayeamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza husema, "Mimi sina kazi, mwanangu, niko tu nyumbani." Umri ni miaka iliyotimia, na bibi anayehesabu kwa miezi ya Kiislamu humzidi mwenzake wa kalenda ya kizungu mwaka mmoja katika kila thelathini na mitatu.

Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Wapemba, waliotambuliwa rasmi mwaka 2023, watakuwa na mstari wao kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo ingefaa watu wa takwimu wavuke feri wakakae na wazee wa Likoni na Jomvu Kuu, na akina mama wa Kisauni pia, wawasomee maswali kwa Kiswahili kabla hayajapigwa chapa, waone ni lipi litakalochekesha na lipi litakalojibiwa kinyume. Waanze na lile neno kaya.