Mzigo Mmoja, Mpagazi Mmoja

Nianze na neno litakalowaudhi baadhi ya walimu, na atakayekasirika akasirike: vitenzi visaidizi vya Kiingereza, jinsi vinavyofundishwa katika shule zetu nyingi hapa Tabora, si somo. Ni wimbo. "Is, am, are, was, were," darasa zima linaitikia, na mwalimu anagonga ubao kwa fimbo kama mpiga ngoma. Kipindi kikiisha vijana wanatoka wakiujua wimbo vizuri sana. Hebu mwulize mmoja wao hivyo visaidizi vinamsaidia nani, na vinamsaidia kufanya nini. Atakutazama tu.

Halafu tunashangaa. Katika shule nisiyoitaja nilimsikia mwalimu akimwambia binti wa Kidato cha Pili kwamba akili yake inafaa kulima tumbaku. Kosa lake? Aliandika "Did you went to the market?" Darasa likacheka. Binti akakaa chini, na sidhani kama alinyosha mkono tena muhula ule. Mimi sina ugomvi na tumbaku, maana ndiyo iliyowasomesha wengi wetu kutoka Urambo na Sikonge. Ugomvi wangu ni huu: nani alimweleza binti yule kosa lake ni nini? Aliambiwa amekosa. Hakuambiwa kwa nini.

Basi ndugu msomaji, niruhusu nieleze mimi, kwa Kiswahili, hapa hapa ukurasani, uone kama ni uchawi.

Sisi ni watu wa njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe, na kutoka hapa hadi Ujiji, mababu wa Kinyamwezi walibeba pembe, nguo na shanga mabegani, na kila mpagazi alijua mzigo wake. Mzigo mmoja ukishabebwa na mtu, mwenzake haurudii kuubeba. Kitenzi cha Kiingereza nacho kina mzigo, nao ni wakati. Katika "You went" hakuna msaidizi, kwa hiyo kitenzi chenyewe kimeubeba wakati uliopita. Ukitaka kuuliza, Kiingereza kinamwita msaidizi, "do", kinamweka mbele ya msafara na kumtwika mzigo ule. Anakuwa "did". Sasa kitenzi kikuu kimetuliwa, kinatembea mikono mitupu: "Did you go?" Anayesema "Did you went" amewatwika watu wawili mzigo mmoja. Kanuni nzima ndiyo hiyo. Na "She cooks" ni vile vile: "does" ikija inaichukua ile "s", ndipo tunapata "Does she cook?" na "She does not cook."

Utasema mtoto wa Kiswahili hawezi kulielewa jambo geni namna hii. Geni? Mwambie akanushe "alipika". Atasema "hakupika". Hakuna mtoto wa Uyui wala wa Nzega atakayekuambia "hakulipika". Ile "li" imeondoka kwa sababu "ku" imekwishaushika wakati uliopita pamoja na ukanushi, na mahali pa wakati ni pamoja tu. Anaijua kanuni hii tangu hajaanza shule, na hakuna aliyemchapa ili aijue. Mwalimu angeandika ubaoni "hakupika" na chini yake "did not cook", akauliza, "Jamani, mnaona nini?", nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Nusu ya pili ni kueleza kosa linatoka wapi, maana halitoki kwenye ujinga. Kiswahili kina visaidizi vyake. Tunasema "alikuwa anapika", "tulikuwa tumefika". Tazama vizuri: vitenzi viwili, na vyote viwili vimevaa. "A-likuwa a-napika": kila kimoja kina nafsi yake na kina alama yake ya wakati au hali. Kiingereza kinasema "was cooking", na msaidizi peke yake ndiye anayeonyesha nafsi na wakati. Kwa hiyo mtoto wetu ana njia mbili kichwani, ya "hakupika" na ya "alikuwa anapika". Akiandika "Did you went" huenda amefuata njia ya pili mahali palipotaka ya kwanza. Huyo anafikiri! Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha njia panda. Na kwa taarifa yenu, watoto wa Waingereza wenyewe, wakiwa bado wadogo wanajifunza kusema, hupita katika kosa la namna hii hii. Mama zao hawawaambii wakalime tumbaku.

Mfano mwingine. Mwanafunzi anaandika "He can to swim", mwalimu anachora mkasi mwekundu, basi, tunaendelea. Lakini ile "to" imetoka wapi? Imetoka kwenye "anaweza kuogelea". Kwetu "weza" ni kitenzi kamili: kinanyumbulika, kinachukua nafsi, na kinafuatwa na "ku". "Can" ya Kiingereza ni kiumbe cha aina nyingine. Haichukui "s", haifuatwi na "to", na ukitaka kuikanusha humwiti "do". Iko na wenzake, akina "may", "must", "shall" na "will", ukoo mmoja wenye tabia zake. Ukimwambia mwanafunzi kwamba "can" si "weza", ingawa maana zinakaribiana, umemwokoa. Ukimpa orodha ya kukariri umempa orodha tu.

Na hiyo "will" wanayoiogopa kumbe ni jamaa yetu. Zamani katika Kiingereza ilikuwa na maana ya kutaka. Ikachakaa kwa matumizi, ikabaki kuonyesha wakati ujao. Na "ta" yetu ya "atakuja" je? Sema "atakayekuja", utaiona "taka" nzima imejitokeza, haijajificha hata kidogo. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimechukua neno la kutaka na kulifanya la kesho. Hivi kijana akielezwa hilo, si atapenda kujua zaidi?

Kuna wanaodhani Kiingereza kilishuka kutoka mbinguni kikiwa na "do" yake mkononi. Uongo. Kiingereza cha zamani kiliuliza kwa kutanguliza kitenzi chenyewe, bila msaidizi. Huyu "do" wa maswali alianza kuenea karne za 15 na 16, na tamthiliya za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, zina maswali ya namna zote mbili. Julius Nyerere, aliyesoma hapa Tabora kuanzia mwaka 1937 na akarudi kufundisha hapa hapa miaka ya 1940, alipomtafsiri Juliasi Kaizari alikutana na namna zote hizo mbili, na Kiswahili kikazipokea bila jasho, maana sisi swali tunaliuliza kwa sauti, au kwa "je", tukamaliza. Kwa hiyo "do" si kipimo cha akili. Ni desturi tu iliyoshinda desturi nyingine. Desturi hufundishwa kwa kuelezwa.

Sasa nije kwenye hoja ninayotupiwa kila nikilisema hili. Eti mbona wapagazi walijifunza Kiswahili njiani bila kuelezwa na mtu? Wawache watoto wazame kwenye Kiingereza, wataogelea! Ndiyo maana shule zinatundika vibao vya kukataza Kiswahili. Nawajibu hivi. Mnyamwezi alijifunza Kiswahili upesi kwa sababu kina undugu na Kinyamwezi. Viambishi, ngeli, mpangilio wa kitenzi, vingi alikuwa navyo nyumbani. Tena alikuwa nacho kambini na sokoni, asubuhi mpaka usiku, akijadiliana mshahara wake. Binti wa Sikonge anakutana na Kiingereza wapi? Ubaoni, dakika arobaini, kisha anarudi kwa watu wanaosema Kiswahili na Kinyamwezi. Humzamishi huyo, unamnyima maji, halafu unamwambia aogelee.

Na kama kueleza lugha moja kwa lugha nyingine ni aibu, Wazungu wangeona aibu kwanza. Askofu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alikieleza kitenzi chetu kwa Kiingereza. Bibi Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, naye alifanya hivyo. Hawakuwaimbisha wenzao "li, na, ta, me" mpaka sauti zikauke. Waliwaambia: hii inafanya kazi hii, na kwenu inafanana na ile. Mwingereza alielezwa kwa lugha yake ili aijue yetu. Sisi tunakatazwa lugha yetu ili tuijue yake. Nani kati yetu amekuwa mjanja?

Jambo hili si la jana. Tangu mwaka 1967 shule za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Tume ya Makweta, mwaka 1982, ilishauri Kiswahili kiingie sekondari, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza kwenyewe, walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakitoshi kusomea masomo mengine. Sera iliyozinduliwa Februari 2015 iliruhusu Kiswahili katika ngazi zote za elimu. Na hadi leo mtoto anaingia Kidato cha Kwanza, anakuta fizikia, jiografia na baiolojia vinamsubiri katika lugha ambayo "did" yake hajaelezwa. Kosa la kisaidizi haliishii kwenye karatasi ya Kiingereza. Linamfuata kwenye karatasi karibu zote za Kidato cha Nne, na pale linaamua nani anaendelea na nani anarudi nyumbani. Ndiyo maana sicheki.

Ndugu zangu wa upande wa pili nao nisiwasahau, wale wanaosema tukitupe Kiingereza kabisa. Hapana. Nakitaka, tena nakitaka vizuri, mpaka kwenye "would have been". Mtoto wa tajiri anakipata katika shule ya kulipia. Tukikifuta katika shule za serikali, atakayekikosa ni mtoto wa mkulima peke yake. Siwezi kuuita huo ukombozi.

Nataka mambo matatu tu. Kipindi cha Kiingereza kielezwe kwa Kiswahili pale penye kueleza, kisha mazoezi yafanywe kwa Kiingereza kingi kuliko cha leo. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wakae meza moja, walinganishe "hakupika" na "did not cook", "anaweza kuogelea" na "can swim", kabla ya kuingia darasani. Na vibao vile vya kukataza Kiswahili viteremshwe. Mbao zake zitengenezewe madawati, yana upungufu.

Anayebisha aandike. Asiniandikie kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu, hilo tumelisikia. Aniandikie sababu moja tu ya kumficha mtoto kanuni ambayo tayari anaijua kwa lugha ya mama yake.