Kabla Hujajenga Ploti kwa Mkopo



Jumapili baada ya ibada ndugu mmoja alinivuta kando niombee mradi wake. Sacco imekubali kumpa mkopo ajenge vyumba kumi vya kupangisha. Nilimwombea yeye, lakini ule mkopo sikuuombea. Acha niseme sababu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Katika Luka 14:28 Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza ahesabu gharama. Basi tuketi. Vyumba kumi, kila kimoja shilingi 6,000, ni 60,000 kwa mwezi. Inapendeza! Sacco nayo itakata 48,000. Sasa vyumba viwili vikose watu, na vitakosa, hasa Januari karo ikibisha hodi. Umebaki na 48,000. KRA wanataka asilimia 7.5 ya kile ulichopokea, bila kukutolea gharama za ukarabati. Hiyo ni 3,600. Hujalipa maji, hujaita gari la kunyonya choo, na mkopo tayari umekushinda.

Lakini hasara ya pesa siyo inayoninyima usingizi.

Miaka iliyopita mimi na mke wangu tulijenga vyumba vitatu kwa deni. Mpangaji wetu mmoja alikuwa mama mshonaji. Alichelewesha kodi miezi miwili, na benki ilikuwa inanipigia simu kila asubuhi. Nikaenda jioni nikabandika kufuli mlangoni. Cherehani yake ilikuwa ndani. Niambie, angenilipa na nini? Nilikuwa nimehubiri Jumapili hiyo hiyo, tena juu ya rehema.

Baadaye nilisoma Kumbukumbu la Torati 24 kama mtu anayesomewa mashtaka. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa sababu ndilo uhai wake. Mstari wa 10 na wa 11 unamwambia mwenye kudai asiingie nyumbani mwa mdaiwa. Asimame nje angoje. Mimi niliyekuwa nadai nilikuwa nimemsimamisha mdaiwa nje, na watoto wake, usiku. Hata sheria ya Kenya haimruhusu mwenye nyumba kujifanya mahakama, kung'oa mlango au mabati ili mtu ahame. Nilimfungulia asubuhi na kumwomba msamaha. Alihama mwezi huo, na simlaumu.

Sisemi usijenge. Mwanamke wa Mithali 31 aliangalia shamba akalinunua, na anasifiwa. Jenga vyumba viwili kwa akiba yako, hata kama jirani atacheka. Kodi ya hivyo viwili ikusaidie kuweka msingi wa cha tatu. Pesa ya dipoziti si yako, iweke kando, utairudisha. Halafu mpangaji akikuambia mkewe amelazwa, utaweza kumjibu kama mtu, si kama karani wa mkopo.

Na ikiwa tayari uko ndani ya deni, nenda uongee na sacco mapema kuhusu kurefusha muda, kabla hujanunua kufuli.

Ndugu yangu wa Jumapili, najua unasoma hapa. Usitie sahihi bado. Jumatano baada ya maombi ya mchana njoo ofisini na ile fomu, na uje na mama watoto. Chai iko.