Greda lije kabla ya masika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya barabara za vijijini wilayani Kyela, na hasa juu ya nani anayeamua greda liende wapi na liende lini. Kwa mtu anayepita barabara kuu kwenda mpakani Kasumulu jambo hili huenda likaonekana dogo. Kwetu sisi tunaolima huku chini, karibu na mto Mbaka, ndilo linaloamua kama kakao itafika ghalani ikiwa kavu, na kama mama mjamzito atafika hospitali kwa gari au kwa kubebwa.

Sitaki nionekane mtu asiye na shukrani. Barabara ya kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema, kilomita 39 hivi, leo ina lami, na kila aliyeijua zamani anaona tofauti. Lakini kakao na mpunga havioti kando ya lami. Vinatoka ndani, kwenye njia za udongo zenye vidaraja vya miti, na huko ndiko baiskeli na bodaboda zinakokwama.

Wasomaji wa mikoa mingine wafahamu hali ya nchi yetu. Kyela ni tambarare iliyo chini ya milima ya Rungwe na Livingstone, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inashuka huko kwa kasi kisha inafika kwetu na kupunguza mwendo. Mto ukipunguza mwendo unatua mzigo, na mzigo wenyewe ni mchanga. Bandari ya Itungi inazijua vizuri habari za mchanga huo. Makalavati hujaa, maji hukosa pa kupita, nayo hujitafutia njia yake juu ya barabara. Mwezi wa Aprili mvua inaponyesha usiku kucha, hapana barabara ya udongo inayoweza kustahimili kama mitaro yake imeziba.

Sasa nije kwenye greda lenyewe. Wananchi wengi tukiliona greda tunafurahi na kupiga vigelegele, kumbe greda bila mtaro ni hasara. Kila linapopita hukwangua udongo kidogo, na kama hapajaletwa changarawe ya kufidia kilichokwanguliwa, barabara huzidi kushuka mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa chini ya mashamba yaliyo pembeni. Hapo si barabara tena, ni mfereji, na mvua ya kwanza inautumia kama mfereji. Ninazijua njia za namna hiyo, ambazo wazee hukumbuka zikiwa juu ya mashamba na leo mtu akisimama ndani yake unamwona kichwa tu. Likija katikati ya masika ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa linalegeza udongo uliokwisha lowa. Fedha zimetumika, mafuta yamechomwa, taarifa imeandikwa kuwa kazi imefanyika, na wiki mbili baadaye hapapitiki.

Je, mwananchi amwulize nani? Zamani angemwuliza diwani wake. Lakini tangu mwaka 2017, barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, na mwaka 2019 maji ya vijijini nayo yakapewa RUWASA. Sababu zilikuwapo, nami sizikatai. Barabara zinataka mainjinia, na fedha za barabara zilikuwa zikigeuzwa kwa mambo mengine. Mwaka 2021 kila lita ya mafuta iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizo, na hilo lilikuwa jambo la maana. Hata hivyo diwani ndiye tunayemchagua, ndiye anayekaa nasi msibani, na ndiye anayetukanwa barabara ikikatika, ilhali greda si lake.

Tena Halmashauri inaendelea kukusanya ushuru wa mazao. Mwaka 2017 kiwango kilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa sheria anayelipa ni mnunuzi, ingawa kila mkulima anajua unakotoka. Bei ya mnadani ni moja kwa aliye kando ya lami na kwa aliye mwisho wa tope, na ushuru ni uleule. Huyu wa topeni hulipa mara ya pili kwa mwenye bodaboda, ambaye wakati wa masika hapunguzi hata senti, na ana haki.

Nchi yetu imekwisha pita njia hii. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa na maamuzi yakahamia kwa watumishi wa mkoa na wilaya. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Simaanishi kwamba TARURA ivunjwe. Ninachosema ni kwamba mtaalamu ajue namna ya kutengeneza, na wenyeji wasikilizwe juu ya wapi paanze, maana wao ndio wanaojua maji yalipita wapi mwaka jana.

Kwa hiyo naomba wahusika watufanyie haya. Orodha ya barabara zitakazotengenezwa isomwe katika mikutano mikuu ya vijiji na katika Baraza la Madiwani, kisha ibandikwe kwenye ofisi za kata, pamoja na tarehe na kiasi cha fedha. Kuzibua makalavati na kuchimba mitaro kuanze kwanza, na kumalizike kabla ya Machi. Kazi hiyo inataka majembe na vijana wa kijijini walipwe, wala haingoji mtambo kutoka mbali. Na penye vidaraja vya miti tujengewe madaraja ya mawe kama yale yaliyoanzia mkoani Kigoma kwa msaada wa Ubelgiji, ambayo TARURA yenyewe inayasifu kwa unafuu wake. Mawe chini ya milima ya Livingstone tunayo tele.

Baraza la Madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu na mikutano yake ni ya wazi. Namwomba diwani yeyote wa Kyela atakayesoma barua hii aidai orodha hiyo katika kikao kijacho. Sisi tutakuja kusikiliza.

Mkulima wa kakao,
Ipinda, Kyela.