Uzuri wa Mkakasi

Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Methali hii huambiwa watu, lakini mimi naona yamfaa pia mbwa mmoja mdogo wa Uingereza, aitwaye Cavalier King Charles Spaniel. Wanafunzi wenzangu, pamoja na ninyi mliotutangulia hapa shuleni, nawaombeni mnisikilize, maana aibu ya jambo hili si ya mbwa, bali ni ya wanadamu waliomfuga.

Mbwa huyu hafugwi kwa kuwinda wala kwa kulinda nyumba. Kazi yake ni kukaa na watu. Uzito wake ni kilo 5 hadi 8 hivi, masikio yake marefu yana manyoya mengi, na tabia yake ni ya upole. Wako wa namna nne kwa rangi: weupe wenye mabaka mekundu, waitwao Blenheim kwa jina la jumba la Duke wa Marlborough, wenye rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na hudhurungi, weusi wenye alama za hudhurungi, na wekundu watupu, waitwao Ruby.

Jina lake latokana na Mfalme Charles wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 1660 hata 1685. Mfalme huyo aliwapenda mno mbwa wadogo wa namna hii, hata Samuel Pepys, mkubwa katika ofisi ya manowari, akanung'unika katika shajara yake kwamba Mfalme alicheza na mbwa barazani badala ya kuangalia kazi. Mbwa wa siku zile alikuwa na pua ndefu. Lakini katika karne ya 19 watu walipendezwa na uso bapa na kichwa cha mviringo, wakawazalisha wenye sura hiyo, na ile pua ya zamani ikakaribia kutoweka.

Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, alitoa zawadi ya paundi 25 katika maonyesho ya Crufts, London, kwa mbwa mwenye pua ya zamani. Mwaka 1928 chama kikaundwa, na mbwa aitwaye Ann's Son akawekwa kuwa kielelezo. Mwaka 1945 Kennel Club ikaikubali jamii hii kuwa mbali na ile ya uso bapa. Basi tazameni: pua ilipotea kwa sababu watu walitaka, ikarudi kwa sababu watu walitaka. Mwenye uwezo huo hana udhuru.

Lakini wazazi wa jamii hii mpya walikuwa wachache, na ndugu wakazalishwa na ndugu. Ugonjwa uliofichika katika damu ya wachache ukawa urithi wa wengi. Wengi wao hupata ugonjwa wa moyo: kilango kimoja cha moyo huharibika, na damu hurudi ilikotoka. Tena, wengi wana fuvu lisiloutosha ubongo. Maji hujikusanya ndani ya uti wa mgongo, na mnyama huweza kupata maumivu makali. Kwa nje, lakini, macho yake ni yale yale yanayopendwa.

Huko Norway chama cha kuwalinda wanyama kilipeleka shauri hili mahakamani. Mwaka 2022 mahakama ya Oslo iliamua kwamba kuizalisha jamii hii ni kuvunja sheria, na mwaka 2023 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikathibitisha. Wako wasemao kwamba hukumu hiyo ni kali, na kwamba yatosha wafugaji wachague wazazi wazima. Najibu kwamba ugonjwa ukisha kuenea karibu katika ukoo mzima, wazima wa kuchagua watapatikana wapi? Afadhali kuchanganya damu na mbwa wa jamii nyingine, hata kama zile rangi nne zitapotea. Rangi ni furaha ya mwenye mbwa. Moyo ni uhai wa mbwa mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukijaliwa kufuga mnyama yeyote, usiulize kwanza kama anapendeza. Uliza kama anapumua vema, anakimbia vema, na analala bila maumivu. Mnyama hana kinywa cha kukataa sura tunayompa.