Msimbo bure, kanuni za kulipia? Haikai hiyo!

Bumu bado, ila leo silii njaa, nataka tuongee teknolojia. Najua kuna watakaosema "we mwalimu mtarajiwa, Linux ya nini?" Subirini kidogo, inatuhusu.

Kuna redio ndogo zinazofuata kanuni iitwayo IEEE 802.15.4, iliyotoka mwaka 2003. Si za kushushia muvi jamani. Kwenye masafa ya 2.4 GHz mwendo wake ni kilobiti 250 kwa sekunde, na pakiti moja haizidi baiti 127. Sifa yake ni kula umeme kidogo mno. Kifaa cha kupima unyevu wa udongo kinalala muda mrefu, kinaamka, kinatuma namba zake, kinalala tena, na betri ndogo inaweza kudumu hata zaidi ya mwaka. Kwa shamba lisilo na nguzo ya umeme, si ndiyo yenyewe?

Ubishi unaanzia hapa. Juu ya redio hizo ulijengwa mfumo wa mawasiliano uliovuma sana, ZigBee. Waandishi wa Linux walipotaka kuziingiza redio hizi kwenye mfumo wao, ZigBee ikawa kisiki. Kusoma kanuni zake kwa matumizi yasiyo ya biashara ilikuwa bure, ila ukitaka kuuza bidhaa, sharti uwe mwanachama mlipa ada. Linux nayo iko chini ya leseni ya GPL inayosema: chukua, badilisha, hata uza, na asitokee mtu wa kuongeza masharti mengine njiani. Maji na mafuta hayo.

Wakafanya la akili. Redio yenyewe wakaipa nafasi ndani ya Linux 2.6.31, mwaka 2009. Kwa juu hawakuweka ZigBee, baadaye wakaweka 6LoWPAN, ambayo kanuni zake zilitoka mwaka 2007 na yeyote anazisoma bila kujiunga na chama. Kazi yake ni kupitisha IPv6, yaani intaneti ya kawaida, kwenye redio hizo. IPv6 inataka njia ya kubeba pakiti ya angalau baiti 1280, redio inabeba 127! Ni kama kuhamisha mzigo wa Fuso kwa baiskeli: unagawa vifurushi, na yale maelezo ya juu ambayo mpokeaji anayajua tayari huyaandiki. Kichwa cha baiti 40 kinabaki baiti chache tu.

Msimamo wangu: walifanya sawa kabisa. Nisieleweke vibaya, kupima vifaa na kuvigongea muhuri ni gharama, wenye viwanda walipe. Na ZigBee imeuza, hilo halina ubishi. Lakini kulipia ruhusa ya kutumia kanuni ni kumfungia mlango mtu mwenye akili asiye na hela. Msimbo ukiwa wazi huku kanuni zake zina kufuli, uwazi huo ni wa kiini macho.

Kumbukeni mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, leseni ilishawaruhusu. Kwa programu iliyofungwa wangesubiri mpaka mwenye nayo aone faida.

Sasa sisi walimu. Tukienda kufundisha kompyuta kwa kubonyeza tu, tutazalisha wateja. Mtoto wa kidato cha tatu anayeweza kufungua msimbo wa redio ya senti chache, akausoma mstari kwa mstari, kesho atatengeneza ya kwake kwa shamba la bibi yake. Ila asome kwanza, na asiombwe ada mlangoni.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti amwage, ruksa.